Serikali ya Jimbo la Maine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasemaji wa Kiswahili

Katika miji ya Portland na Lewiston, familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi, Rwanda na nchi jirani huulizana maswali yaleyale kila uchaguzi unapokaribia au kila sheria mpya inapotangazwa. Majibu yafuatayo yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee, na panapohitajika msomaji ataelekezwa kwenye jibu jingine badala ya kurudiwa yaliyokwisha kuelezwa.

## Mambo ya msingi

Serikali ya jimbo ni nini, na inatofautianaje na serikali ya Washington?

Maine ni mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani. Ilijitenga na Massachusetts na kuwa jimbo kamili tarehe 15 Machi 1820, nayo ina katiba yake, Bunge lake, mahakama zake, polisi wake na kodi zake. Serikali ya Washington ndiyo inayoshughulikia uhamiaji, uraia, ulinzi na mambo ya nje, lakini leseni ya udereva, sheria za shule, kodi ya mauzo ya asilimia 5.5, sehemu kubwa ya makosa ya jinai na hata namna uchaguzi wenyewe unavyoendeshwa ni mambo ya jimbo.

Mfano ulio wazi ni ujira. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali ya Washington ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapanda tangu 2009, ilhali Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65. Tofauti hiyo ilitokana na kura ya wananchi ya mwaka 2016, iliyoagiza kiwango kipande hatua kwa hatua na baadaye kifuate kupanda kwa gharama za maisha. Mtu anayefuatilia habari za rais peke yake hupitwa na maamuzi yanayoingia moja kwa moja katika mfuko wake.

Je, gavana wa Maine ni sawa na gavana wa kaunti nchini Kenya?

Cheo kinafanana kwa jina, lakini mamlaka hayalingani. Kaunti 47 za Kenya ziliundwa na Katiba ya 2010 na hutegemea kwa kiasi kikubwa mgao wa fedha kutoka serikali ya kitaifa. Jimbo la Marekani, kwa upande wake, hutunga sheria zake za jinai, hutoza kodi yake ya mapato na lina mahakama yake ya juu. Gavana wa Maine hutia saini sheria au kuzikataa, huteua majaji na wakuu wa idara kwa idhini ya Seneti, naye huamuru kikosi cha ulinzi cha jimbo ikiwa rais hajakiita katika utumishi wa taifa.

Nani wanaoongoza serikali hiyo, na wanapatikanaje?

Makao makuu yako Augusta. Gavana huchaguliwa na wananchi wote wa jimbo kwa kipindi cha miaka 4, na hawezi kushika vipindi zaidi ya 2 mfululizo. Janet Mills, ambaye awali alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alichaguliwa mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, kisha akachaguliwa tena mwaka 2022. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa Novemba 2026 hauwezi kumrudisha katika kiti hicho.

Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba Maine haina naibu gavana. Kiti kikibaki wazi, Rais wa Seneti ya jimbo ndiye anayekikalia. Aidha, Mwanasheria Mkuu, Mweka Hazina na Katibu wa Jimbo hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja, bali huchaguliwa kwa kura ya siri na wabunge wa mabaraza yote mawili wakikaa pamoja. Katibu wa Jimbo ndiye anayesimamia uchaguzi na pia ofisi za leseni za udereva, na Shenna Bellows, aliyechaguliwa na Bunge Desemba 2020, ni mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Wajibu wake si mdogo: Desemba 2023 aliamua kwamba Donald Trump hastahili kuwamo katika karatasi ya kura ya mchujo, yaani uchaguzi ambao vyama huwapata wagombea wao, uamuzi uliobatilika Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu katika kesi kama hiyo ya jimbo la Colorado.

Bunge la jimbo likoje?

Lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 151 na Seneti yenye wajumbe 35. Wote huchaguliwa kila baada ya miaka 2, na kwa mujibu wa uamuzi wa wapiga kura wa mwaka 1993 hawawezi kukaa katika baraza moja zaidi ya vipindi 4 mfululizo.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359 katika jimbo zima, kwa hiyo mwakilishi mmoja husimama kwa niaba ya watu wapatao 9,000 tu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mbunge wa namna hiyo hupiga hodi mlango kwa mlango na hujibu barua zake mwenyewe, na kiti chake mara nyingine huamuliwa kwa kura chache, idadi ambayo waumini wa kanisa moja au msikiti mmoja wangeweza kuifikia.

## Watu na uwakilishi

Je, wako Waafrika au watu weusi waliochaguliwa katika Bunge hilo?

Wako. Gerald Talbot wa Portland, aliyechaguliwa mwaka 1972, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge la Maine. Nusu karne baadaye, Desemba 2022, binti yake Rachel Talbot Ross alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, mtu mweusi wa kwanza kukikalia kiti hicho. Katika uchaguzi uleule wa 2022 waliingia Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston, Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia katika Bunge hilo. Dhalac alikuwa ametangulia kuwa diwani na kisha meya wa mji wake. Njia hiyo ya kuanzia udiwani inafaa kuangaliwa na kila mtu wa jamii zetu anayefikiria kugombea, kwa kuwa huko ndiko jina na kazi ya mtu hujulikana kwanza.

Nimesikia kuna wabunge wasiopiga kura. Ni akina nani?

Ni wawakilishi wa mataifa ya asili ya nchi hiyo. Taifa la Penobscot lilianza kutuma mjumbe katika Bunge la jimbo miaka ya 1820, na Passamaquoddy wakafuata katika karne hiyohiyo. Wamaliseet wa Houlton waliongezwa katika karne hii. Wajumbe hao wametengewa viti katika Baraza la Wawakilishi; huzungumza na huweza kudhamini miswada, lakini hawapigi kura ya mwisho. Hakuna jimbo jingine la Marekani lenye utaratibu wa muda mrefu kama huu.

Utaratibu huo haujamaliza malalamiko. Sheria ya makubaliano ya ardhi ya mwaka 1980 iliyaweka mataifa haya chini ya mamlaka ya jimbo kwa kiwango ambacho mataifa mengi ya asili nchini Marekani hayakuwekwa, na mwaka 2015 wajumbe wa Penobscot na Passamaquoddy walitoka Bungeni kwa sababu ya mzozo huo. Sisi tuliokuja jana tunajenga makazi katika ardhi ambayo wenyewe wangali wanadai haki zao, na ni vema kulijua hilo kabla ya kulisemea jimbo.

## Uchaguzi

Nani anaweza kupiga kura?

Raia wa Marekani mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi Maine na aliyejiandikisha katika mji wake. Mwenye miaka 17 anaweza kushiriki mchujo ikiwa atatimiza 18 kufikia siku ya uchaguzi mkuu. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi na mwomba hifadhi hawaruhusiwi. Tazama onyo lililo katika sehemu ya hali za pekee.

Kujiandikisha kunafanyika lini na wapi?

Kwa karani wa mji au jiji unaloishi, hata siku yenyewe ya uchaguzi katika kituo cha kura. Maine imeruhusu jambo hilo tangu miaka ya 1970. Mwaka 2011 Bunge lilifuta ruhusa hiyo, na kabla ya mwaka kwisha wananchi waliirudisha kwa kura. Anayejiandikisha siku ya kura anapaswa kuonyesha utambulisho na uthibitisho wa makazi, kwa mfano bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Aliyekwisha kujiandikisha hahitaji kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pendekezo la kulazimisha kitambulisho hicho na kubana kura za barua lilipelekwa kwa wananchi Novemba 2025, nao wakalikataa.

Nafanya kazi zamu mbili. Nitapigaje kura?

Omba karatasi ya kura mapema kwa karani. Huhitaji kutoa sababu. Unaweza kuijaza nyumbani na kuirudisha, mradi imfikie karani kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Usiitie posta siku mbili kabla ukidhani inatosha, kwa kuwa kinachohesabiwa ni siku ilipopokelewa na si muhuri wa posta.

Kwa nini karatasi nyingine inanitaka niwapange wagombea kwa namba?

Huu ndio utaratibu unaoifanya Maine izungumzwe mbali. Badala ya kuweka alama moja, mpiga kura huonyesha chaguo lake la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea. Mgombea akipata zaidi ya nusu ya chaguo la kwanza, ameshinda. Asipopatikana, wa mwisho huondolewa, na kura za waliomchagua huhamia kwa yule waliyemweka katika nafasi ya pili, hadi mmoja avuke nusu.

Chanzo chake ni hesabu iliyowauma wengi. Maine ina desturi ya kuwapenda wagombea wasio na chama. James Longley aliupata ugavana kwa njia hiyo mwaka 1974, na Angus King mwaka 1994 na 1998. Lakini wagombea watatu wenye nguvu wanapogawana kura, mshindi huweza kuwa mtu ambaye wengi hawakumtaka, na mwaka 2010 Paul LePage aliingia ofisini akiwa na takriban asilimia 38 tu. Novemba 2016 wananchi walipitisha utaratibu wa kupanga wagombea. Bunge likauahirisha mwaka uliofuata. Wananchi wakakusanya saini, na Juni 2018 wakaifuta sheria ya Bunge siku ileile walipoutumia utaratibu huo kwa mara ya kwanza katika mchujo. Novemba mwaka huo Jared Golden, aliyekuwa nyuma kidogo ya Bruce Poliquin katika hesabu ya kwanza, alishinda kiti cha Bunge la Washington baada ya kura kuhamishwa.

Mbona basi ugavana hauamuliwi kwa kupanga namba?

Mchujo wa ugavana hutumia namba, lakini uchaguzi mkuu wa gavana na wa wabunge wa jimbo umebaki wa alama moja. Katiba ya Maine inasema kwamba katika nafasi hizo anayeongoza kwa wingi wa kura ndiye mshindi, hata bila kufikia nusu, na Mei 2017 majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo walitoa maoni kwamba utaratibu mpya ungegongana na maneno hayo. Kwa upande wa ugavana, maneno hayo yaliingizwa baada ya mgogoro wa uchaguzi wa 1879, ambapo kukosekana kwa mshindi wa zaidi ya nusu nusura kulitumbukize jimbo katika umwagaji damu. Kwa hiyo mpiga kura huweza kupewa karatasi za aina mbili siku moja. Soma maelekezo ya kila moja kabla ya kuweka alama.

Nisiye na chama naweza kushiriki mchujo?

Ndiyo, tangu 2024. Utachagua karatasi ya chama kimoja tu, bila kulazimika kujiunga nacho.

Kura za urais za Maine zinagawanywaje?

Jimbo lina kura 4 za uteuzi wa rais. Mbili humwendea mshindi wa jimbo zima, na moja humwendea mshindi wa kila eneo la Bunge la taifa. Nebraska peke yake ndiyo inayofanya hivyo pia. Mwaka 2016, 2020 na 2024 kura ziligawanyika 3 kwa 1, kwa kuwa eneo la pili, ambamo Lewiston imo, lilimchagua Trump.

Mtu asiye na fedha anaweza kugombea?

Anaweza, na hapa Maine imefanya jambo la kupongezwa. Sheria iliyopitishwa na wananchi mwaka 1996 inampa mgombea fedha za umma za kampeni akithibitisha kwamba anaungwa mkono na watu wake. Mgombea wa Baraza la Wawakilishi hukusanya michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura waliojiandikisha katika eneo lake, na wa Seneti 175. Baada ya hapo hawezi kupokea fedha za matajiri wala makampuni. Michango 60 si mlima kwa mtu anayejulikana mtaani kwake.

## Sheria na sera

Mswada unakuwaje sheria, na mimi naingia wapi?

Kila mswada hupewa namba inayotanguliwa na herufi LD, kisha hupelekwa kwenye kamati ya pamoja ya wawakilishi na maseneta. Kamati hufanya kikao cha wazi cha kusikiliza maoni, na hapo ndipo mwananchi anapoingia: mtu yeyote anaweza kuzungumza, kwa kufika Augusta, kwa njia ya mtandao au kwa maandishi. Uraia hauulizwi. Ushuhuda wa mama aliyelala na watoto wake ukumbini kwa wiki kadhaa, kama walivyolazwa mamia ya waomba hifadhi katika ukumbi wa michezo wa Portland majira ya joto ya 2019, huwa na nguvu mbele ya wabunge kuliko takwimu za ofisini.

Mswada ukipita mabaraza yote mawili, gavana ana siku 10, Jumapili zikiwa hazihesabiwi, kutia saini, kuukataa, au kuuacha uwe sheria bila saini yake. Akiukataa, theluthi mbili ya kura katika kila baraza huweza kumpinga. Sheria ya kawaida huanza siku 90 baada ya Bunge kufunga kikao. Ile ya dharura huanza mara moja, lakini huhitaji theluthi mbili.

Wananchi wanawezaje kutunga sheria wenyewe?

Tangu 1908 katiba inawapa njia mbili. Ya kwanza ni kupendekeza sheria mpya. Ya pili ni kuizuia sheria ya Bunge kabla haijaanza. Zote huhitaji saini za wapiga kura zisizopungua asilimia 10 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia.

Mfano mkubwa ni bima ya afya ya MaineCare. LePage alikataa mara tano miswada ya kuipanua kwa watu wazima wenye kipato kidogo. Novemba 2017 takriban asilimia 59 ya wapiga kura waliamua ipanuliwe, na Maine ikawa jimbo la kwanza kufanya hivyo kwa kura ya wananchi. LePage aliendelea kuichelewesha. Mills alipoingia Januari 2019, amri yake ya kwanza iliagiza itekelezwe. Maelfu walipata daktari kwa sababu watu walisimama na kalamu nje ya maduka. Hata hivyo, kura ilipata utekelezaji tu pale alipopatikana gavana aliyeiheshimu, na ndiyo maana haifai kuipuuza kura ya ugavana kwa kutegemea kura ya maoni.

Ni sera zipi za karibuni zinazozigusa familia zetu zaidi?

Mwaka 2021 Maine ilikuwa pamoja na California miongoni mwa majimbo ya kwanza kuamua kwamba wanafunzi wote wa shule za umma wapewe chakula bila malipo, bila kuulizwa kipato cha wazazi. Sheria ya 2023 iliunda likizo yenye malipo ya hadi wiki 12 kwa uzazi, ugonjwa au kumuuguza jamaa. Makato yake yalianza Januari 2025, na malipo yakapangwa kuanza Mei 2026. Angalia hati yako ya mshahara, kwa kuwa ukikatwa fedha hizo una haki ya kuuliza namna ya kuomba likizo.

Msaada wa GA (General Assistance) wa kodi ya nyumba, chakula na dawa hutolewa na mji, huku jimbo likiurudishia asilimia 70 ya gharama. Ndiyo sababu mjadala wa waomba hifadhi huwa mkali katika halmashauri za Portland na Lewiston na vilevile Augusta: kila upande hulipa sehemu.

Polisi wa jimbo wanashirikiana na maofisa wa uhamiaji?

Bunge lilipitisha mwaka 2025 mswada LD 1971, unaowawekea mipaka polisi wa jimbo na wa miji katika kazi za uhamiaji. Gavana aliushikilia kwa miezi kadhaa, kisha Desemba akatangaza kwamba atauacha uwe sheria bila saini yake. Sheria hiyo haiwafungi maofisa wa serikali ya Washington, ambao wanaendelea na mamlaka yao. Mwenye kesi ya uhamiaji asiichukue kuwa kinga.

Rais anaweza kumwamuru gavana?

Katika mambo ya jimbo hawezi, ingawa anaweza kubana kwa njia ya fedha. Mwaka 2025, katika mzozo kuhusu wanamichezo waliobadili jinsia, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilizuia baadhi ya fedha zinazohusu mipango ya chakula cha shuleni. Jimbo lilishtaki, jaji akaamuru fedha zifunguliwe, na Mei pande mbili zikafikia makubaliano.

## Hali za pekee

Nina kadi ya kijani, na ofisi ya leseni imeniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nifanye nini?

Kataa waziwazi, na usitie saini popote panaposema kwamba wewe ni raia. Kujidai raia ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu nchini na kumzuia kupata uraia maisha yake yote, hata kama alisaini bila kuelewa lugha. Ukigundua kwamba jina lako limeingia katika daftari kwa makosa, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba uraia na kabla ya kuandika barua yoyote.

Nisiye raia naweza kusaidia kampeni?

Unaweza kujitolea bila malipo: kupiga simu, kutafsiri, kugawa vipeperushi. Mwenye kadi ya kijani anaweza pia kuchangia fedha. Mwomba hifadhi haruhusiwi. Ile michango ya dola 5 iliyotajwa juu ni ya wapiga kura waliojiandikisha peke yao.

Mama yangu ni raia lakini hasomi Kiingereza. Anaweza kusaidiwa ndani ya kituo?

Sheria ya Marekani inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma karatasi kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi husoma na kuweka alama kama alivyoagizwa; kumchagulia ni kosa.

Nimeapishwa kuwa raia asubuhi ya siku ya uchaguzi. Nimechelewa?

Hujachelewa. Nenda kituoni na utambulisho na uthibitisho wa makazi, na uchukue cheti chako cha uraia iwapo utaulizwa.

Ndugu yangu yuko gerezani. Amepoteza kura yake?

Hajapoteza. Maine na Vermont ndiyo majimbo mawili ambayo hayajawahi kumnyang'anya raia kura kwa sababu ya kifungo. Atapiga kura kwa barua kupitia mji alioishi kabla ya kufungwa.

Nimeitwa na mahakama kuwa mmoja wa wananchi wanaosikiliza kesi, nami si raia. Niipuuze barua?

Usiipuuze. Majina hutolewa katika orodha ya wenye leseni za udereva, kwa hiyo wasio raia huitwa pia bila kukusudiwa. Jaza fomu, eleza kwa ukweli kwamba wewe si raia, uirudishe ndani ya muda uliowekwa na uhifadhi nakala.